Neno la Siri Nililokwenda Nalo Msibani

Ilomba, Mbeya
Jumapili alasiri

Mwanangu Atupele,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga kwaya, na kwa ninavyoijua kwaya yenu, kuaga huko hakutaisha kabla ya jua kuzama. Nimepata nafasi. Mama yako yupo jikoni anafunga mchele wa Kyela kwenye mfuko ambao ukiubeba kesho mpaka stendi, utafika Kilolo bega moja likiwa chini kuliko lingine. Nimemwambia na Iringa watu wanakula. Amenitazama tu. Kwa hiyo mambo ya chakula, sweta, blanketi, dawa ya kifua na mtu wa kukupokea Iringa mjini yapo chini ya wizara yake, mimi siyagusi. Utaambiwa leo, utaambiwa kesho, na ukifika Makambako utapigiwa simu uambiwe tena.

Mimi nina jambo moja, nalo ni la aibu, ndiyo maana naandika badala ya kusema. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita. Naweza kusimama mbele ya vijana sitini nikaeleza mvua za Nyanda za Juu bila kutazama daftari. Lakini mbele yako wewe mmoja, jambo hili nimeshindwa kulitamka tangu Jumatano.

Jumatano ndiyo siku ulipoletewa barua ya kituo cha kazi. Uliisoma mezani kwa sauti: kwamba unakwenda Kilolo miaka miwili kuweka programu huria kwenye kompyuta za shule za sekondari na kuwafundisha walimu kuzitumia, na kwamba utaanzia kwenye shule ambayo mkuu wake sasa ni Mwalimu Sanga. Ulipofika kwenye jina hilo ulilirudia. Kisha ukacheka, ila hakikuwa kicheko chako. Ukasema, "Baba, ni yule yule? Yule aliyeua kompyuta zako? Subiri, nitamwonyesha huyo mzee."

Mama yako akaacha kula akanitazama. Mimi nikaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Atupele, Mwalimu Sanga hakuua kompyuta zangu. Na kama utashuka kwenye basi kesho ukiwa umembebea kinyongo, kinyongo hicho nilikufungia mimi, tangu ukiwa darasa la tatu.

Hadithi unayoijua ni hii: baba yako alikuwa na chumba cha kompyuta kwenye shule aliyokuwa akifundisha, zote zikiendeshwa kwa programu huria, akaenda kumzika babu yako, aliporudi akakuta mkuu wa shule, kwa ujinga wake, ameleta fundi akafuta kila kitu. Kila tukio la hadithi hiyo ni kweli. Ila nilikupa katikati yake tu, mwanzo na mwisho nikabaki navyo.

Mwanzo ulikuwa mtamu sana, na ninataka uujue pia, usije ukadhani baba yako alikuwa mtu wa makosa matupu. Zile kompyuta zililetwa na wafadhili zikiwa zimeshachoka, na sisi tukazimalizia kwa virusi. Mwalimu wa Kemia alipeleka mtihani kuchapisha sokoni Mwanjelwa, akarudi na flashi ambayo kila faili limegeuka njia ya mkato isiyofika popote. Tukaandika mtihani ubaoni. Windows iliyokuwemo ilikuwa ya kuiba, na sisi wote tulijua. Nilikuwa nasimama pale kuwaambia wanafunzi wizi ni dhambi, huku kioo nyuma yangu kimeandika kwenye pembe kwamba nakala hii si halali.

Ndipo rafiki yangu mmoja wa zamani wa chuo akanipa diski ya Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta. Akaniambia, "Hii weka kwenye mashine zote. Toa nakala, gawa, fungua ndani uone ilivyotengenezwa, usipopapenda badilisha." Nilimwuliza mara tatu kama ni halali. Mara ya tatu alikasirika.

Sijui nikuelezeje furaha ile. Mashine zile zile zilizokuwa zinakohoa, zikaamka. Virusi vya Mwanjelwa vikawa vinaingia havipati pa kukaa. Wasichana wa kidato cha tatu walifungua programu ya ramani wakakuta mto Ruaha Mkuu umechorwa pasipo pake, wakaurekebisha wenyewe, halafu wakatuma masahihisho kwa wenye programu huko waliko, na yakapokelewa! Mimi ambaye maisha yangu yote nilifundisha ramani zilizochorwa na watu wengine, nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu. Machozi yalikuwa yananitoka. Nilikuwa nimewaona watoto wa Mbeya wakiitwa kwenye kazi kama vile babu yako alivyokuwa akiwaalika majirani shambani, kila mtu na jembe lake.

Hapo ndipo nilipopaswa kuwa na akili. Badala yake nikawa na cheo.

Matokeo yote ya wanafunzi tuliyaweka kwenye kompyuta moja kubwa, nami nikaifunga kwa neno la siri nililolijua mimi peke yangu. Nilisema naogopa wataharibu. Kuogopa kulikuwepo, sikatai, lakini nikiwa mkweli kwako ilikuwa raha kuitwa. Nilikuwa naitwa darasani, naitwa nyumbani, siku moja nikaitwa kanisani katikati ya mahubiri, nikatoka kwa mwendo wa pole ili kila mtu anione ninavyohitajika. Mama yako alikuwa benchi la nyuma. Muulize, atakuigizia ule mwendo.

Mwalimu Sanga, wakati ule mkuu wetu wa shule hapa Mbeya, aliniambia mara ya kwanza, kwa upole: "Mwalimu, hilo neno la siri liandike kwenye bahasha, tuifungie kabatini." Nikasema nitaandika. Mara ya pili akaniambia nifundishe walimu wawili. Nikawafundisha, ila kwa kasi ya mtu anayetaka wasielewe. Mmoja alikuwa Mwalimu Tumaini, mama mtu mzima aliyekuwa akitafuta herufi kwa kidole kimoja. Nilitania kile kidole mbele ya wanafunzi, wakacheka. Hakukaa tena mbele ya kompyuta mpaka anastaafu. Mara ya tatu Sanga hakusema, alinitazama tu na bahasha tupu mkononi. Nikamwambia, "Mkuu, mimi siendi popote."

Mwezi wa tatu, babu yako akafariki.

Ulikuwa mdogo lakini najua unaikumbuka safari ile, mvua tangu Igawa mpaka Iringa, na tope la kupanda Kilolo. Tulikaa siku kumi. Sijawahi kukuambia nilichokuwa nafanya alasiri, wakati wazee wamekaa na mimi natakiwa niwe kati yao. Nilikuwa napanda kile kilima nyuma ya nyumba kutafuta mtandao. Niliinua simu juu nione kama shule wamenitafuta. Nilijua siku ya kikao cha wazazi imekaribia, na matokeo yapo ndani ya ile mashine. Simu ilikuwa kimya. Na mimi, mwanangu, mfiwa niliyemwacha baba yangu kaburini siku mbili tu nyuma, niliona uchungu kwamba hawanipigii.

Kitu kingine kilikuwa kinatokea pale pale chini ya kilima, nacho nilikiona kwa macho tu. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya maji ya mianzi. Mwanzi uliokwisha kukatwa ncha hausubiri mtu. Lazima uende asubuhi na jioni kuuchonga tena kidogo na kubadilisha mbeta, kile kibuyu cha mwanzi kinachopokea maji yake. Ukiuacha siku mbili tatu, unakauka, na umepoteza. Babu yako alikuwa na mashina mengi kuliko wote pale. Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa akisema anagema kwa ajili ya kunywa mtogwa tu, ule mtamu wa siku hiyo hiyo. Mungu anajua. Asubuhi ya kwanza baada ya maziko niliona jirani yake, Mzee Lukosi, anapita kwenye mianzi na kisu. Jioni akapita mke wake. Kesho yake wakaja vijana wawili nisiowafahamu. Hakuna aliyewatuma, wala hakuna aliyekuja kuuliza shina lipi linachongwaje. Nikamwuliza Mzee Lukosi, "Nani amekuonyesha mashina ya baba?"

Akanishangaa. "Si yeye mwenyewe? Sisi wote hapa katuonyesha. Hata visu katunolea. Au ulitaka akifa tuje kumwamsha tumwulize?"

Nilicheka kwa adabu, nikapanda tena kilimani na simu yangu.

Tuliporudi Mbeya nilikwenda shule kabla hata ya kufungua begi. Nikafungua chumba. Kompyuta zote zina Windows ya kuiba, pembeni imeandikwa nakala hii si halali. Umeme ulikatika siku niliyoondoka, mashine kubwa ilipowaka ikaomba neno la siri, na neno nilikuwa nalo mimi huko Kilolo. Walisubiri siku sita. Siku ya saba wakaita fundi wa mjini, akafuta kila kitu ndani ya dakika arobaini. Walimu wakakaa siku mbili wakijumlisha upya alama kutoka kwenye karatasi, kwa mkono, kila mtoto, kila somo.

Niliingia ofisi ya walimu nikapiga kelele. Nilimwambia Mwalimu Sanga mbele ya wote kwamba ni mtu wa gizani, kwamba ameua kazi ya watoto. Nikamaliza na swali nililodhani litamnyamazisha: "Simu ya dakika moja tu ilikushinda nini?"

Akavua miwani. Akasema, "Mwalimu, ulikuwa unamzika baba yako. Sasa katika sisi hapa, nani angekupigia akuulize habari za kompyuta?"

Hakuwa ameliamua peke yake. Walikuwa wameafikiana wote, hata yule wa Kemia ambaye hana haya ya kumpigia mtu saa yoyote. Mimi nilikuwa nimewaacha wachague kati ya matokeo ya watoto na heshima ya msiba wangu, na wakachagua kunistahi. Ningekuwa mtu, ningekaa chini nikalia. Nilitoka nikabamiza mlango.

Nyumbani nikasema, "Sanga ameua kompyuta zangu." Wewe ulikuwa unafanya hesabu zako za shule mezani. Ukaja ukanishika mkono ukalia kwa ajili yangu. Mtoto akilia kwa ajili yako, unajiona una haki hata kama huna. Nikaiacha hadithi hivyo.

Sasa mwisho wake, ambao mama yako peke yake anaujua. Wiki mbili baadaye Mwalimu Sanga alikuja hapa nyumbani. Alikaa kwenye kochi lile lile ulilotupia koti lako leo. Alisema, "Tuanze upya. Weka tena hiyo programu yako, mimi naikubali, ni nzuri. Nakupa walimu wanne na Jumamosi zote. Sharti langu ni moja: bahasha." Nikamkatalia. Nilimwambia kazi ikishauawa haifufuki. Halafu nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nikapangiwa Makongolosi, kule Chunya. Miaka miwili ile uliyokuwa ukiniona mwisho wa mwezi, nikifika na vumbi la Chunya kwenye kola, ulidhani wamenihamisha. Niliomba mwenyewe. Nilikunyima miaka miwili ya baba yako ili nisiandike neno moja kwenye bahasha. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine yafuate.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kidogo, imefika mpaka Jumatano.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna jambo la mwezi uliopita. Ulikwenda kuweka ile kompyuta ya ofisi ya kanisa, na mimi nilikuwa nje naongea na mzee wa zamu. Nilikusikia. Katibu alikuuliza, "Sasa dada, hapa ikigoma nafanyaje?" Ukamjibu kwa sauti tamu kabisa, "Usijali mama, ukikwama nipigie tu." Nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina. Hilo neno ni langu, Atupele. Pua umechukua ya mama yako, nashukuru, lakini hilo umelichukua kwangu.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtaalamu. Programu hizi unazijua kuliko mimi mara kumi, na unajua kuzieleza kwa maneno ambayo mimi nayasikia nikitikisa kichwa tu. Nakuandikia kama mtu aliyekwishaanguka kwenye shimo, anayekuonyesha lilipo. Utawaambia watu programu hizi ziko wazi, kila mtu anaweza kuingia ndani, na itakuwa kweli kwenye mashine, halafu wewe mwenyewe utakuwa ndio mlango uliofungwa. Mimi nilisimama kwenye mlango huo nikipungia watu mkono.

Utakutana na Mwalimu Tumaini wengine huko, wa kidole kimoja. Ngoja kidole kifike. Kinafika. Usiwacheke kwa Windows zao za kuiba, wamefanya nazo kazi miaka yote hiyo bila mtu kuwasaidia. Anza na flashi zenye virusi zinazokula mitihani yao, hapo ndipo panapowauma. Wakikupigia simu saa ya chakula, na watapiga, maliza ugali wako kwanza. Nusu ya matatizo watakuwa wameyatatua wenyewe kwa hasira, na aliyetatua kwa hasira hasahau. Watakapoharibu, na wataharibu mwanangu, moyo wako utaruka utake kushika kibodi. Kaa juu ya mikono yako kama ulivyokuwa unafanya kanisani ulipokuwa mdogo.

Na utaona wivu. Hili hakuna aliyeniambia. Siku utakapomkuta mwalimu uliyemfundisha anamfundisha mwingine, na anafundisha vizuri kuliko wewe, utasikia kitu kimekuchoma hapa kifuani. Usiogope. Kitapita, na baada yake inakuja furaha ambayo mimi sikuwahi kuifikia, naisikia tu kwa watu.

Jana asubuhi, ulipokuwa sokoni, nilimpigia Mwalimu Sanga.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Akasema, "Ala! Wewe mtu upo?"

Nikamwambia yote bila kupumzika. Kwamba bahasha ilikuwa haki yake, kwamba nilimtukana mbele ya watu wakati yeye amenistahi, kwamba alikuja kwangu kwa amani nikamrudisha mikono mitupu. Akasema, "Mwalimu, hayo mimi nilishayazika. Wewe sasa unafukua makaburi ya nini?"

"Binti yangu ndiye anayekuja kwako Jumatatu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mimi ndiye niliyeandika kuomba mtu wa programu huria! Mara tatu nimeandika. Nilikuwa bado nayakumbuka yale mambo yako, jinsi watoto walivyokuwa wanakimbilia kile chumba. Kumbe nilikuwa namwombea kazi binti yako." Akaongeza, "Lakini niambie kweli. Na yeye ni mtu wa kufungia vitu?"

Nilimwambia sijui, tumwombee. Akasema haya, aje, mgeni njoo mwenyeji apone. Na kwamba Kilolo ni baridi, uje na sweta. Sikumwambia kwamba habari za sweta zina wizara yake.

Kwa hiyo ukifika, mwamkie kwa heshima zote, kamwene, salamu ya huko Iringa, na shikamoo yake. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, nimekwisha kuomba mwenyewe. Wewe fanya naye kazi tu, ni mtu mzuri kufanya naye kazi.

Nina ombi moja la mwisho, na usinuse harufu ya ugonjwa, mimi mzima kabisa, jana nimekula ndizi mpaka mama yako amenisema. Lakini ipo siku utapigiwa simu uje nyumbani kwa babu yako, na safari hiyo nitakuwa nimelala mimi. Utakaa mkekani na shangazi zako. Watu wetu unawajua, hakuna atakayekupigia. Nakuomba siku hiyo huko kwenye shule zako kila kitu kiwe kinakwenda, mikononi mwa watu uliowaonyesha, wala pasiwe na mtu hata mmoja anayekuhitaji. Mimi baba yangu nilimlilia nusu, nusu nyingine ilikuwa kilimani inatafuta mtandao. Wewe, mwanangu, nililie mzima.

Baba yako